Datsun ya zamani inachemsha? Kabla hujanunua rejeta, iulize inachemsha wakati gani

Mimi nina Datsun 160J SSS, ile ya kabureta mbili, injini L16. Nimeirithi kwa mzee ikiwa imekaa chini ya mwembe miaka kadhaa na kuku walishaanza kutagia siti ya nyuma, sitanii. Kuifufua haikuwa kazi sana, kazi ilikuwa kuchemsha. Nimebadilisha rejeta, nikabadilisha wota pampu, nikabadilisha mfuniko, nikarudi tena kwenye rejeta, yani nilikuwa nabahatisha kama mtu anacheza bahati nasibu na kila fundi ana jibu lake. Siku niliyoacha kununua vitu nikaanza kuiangalia gari yenyewe inachemsha saa ngapi na ikiwa inafanya nini, ndo nilipona. Kwahiyo haya maelezo nayaandika kwa hizo injini za L za Datsun, L16, L18, L20B mpaka L24 ya 240Z, ila mwenye Escort au Celica ya zamani hatatoka mikono mitupu.

Kwanza mtu akikwambia "hizi Datsun ndo zilivyo, kuchemsha ni kawaida yake" mkatalie palepale. Dereva Shekhar Mehta alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally 1973 na 240Z, alafu akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo na Datsun za ukoo wa Violet, na 160J ni Violet hiyohiyo kwa jina la huku. Jua, vumbi, matope, siku nzima gari inakimbizwa. Ingekuwa kuchemsha ni tabia yake asingefika hata nusu ya njia. Yako ikichemsha kuna kitu kimechoka au kuna mtu amekitoa.

Alafu jua kwanini hili jambo halichezewi. Bloku ya L ni chuma, hedi inayokaa juu yake ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Gari ikichemsha sana mara moja tu hedi inaweza kupinda, gasketi ya katikati ya hedi na bloku inaungua, na hapo hela ya mpira wa elfu chache inageuka kuwa hela ya kushusha hedi. Mshale ukigusa nyekundu paki, usijifanye unamalizia kilomita mbili zilizobaki.

Sasa swali lenyewe. Inachemsha wakati gani?

Kama inachemsha kwenye foleni au ukiwa umesimama alafu ukitembea inashuka, shida ni upepo, yani feni na vinavyoizunguka, rejeta yako inaweza ikawa nzima kabisa. Kama kwenye foleni iko poa ila ukifungua mwendo au ukipanda mlima ndo inapanda, hapo maji hayapiti ya kutosha au injini inatengeneza joto kuliko kawaida: rejeta imeziba, mpira wa chini unanywea, taimingi imechelewa (cheche ya plagi inapiga kwa kuchelewa), mafuta ni membamba (hewa nyingi, petroli kidogo). Kama ukiwasha asubuhi ya baridi ndani ya dakika moja mbili mpira wa juu ushakuwa mgumu kama jiwe, hiyo ni gasketi ya hedi, usijidanganye. Na kama inapanda kidogo baada ya kuzima tu, hiyo mara nyingi sio ugonjwa, maji yamesimama huku chuma bado kina moto, acha ipoe.

Ila kabla ya yote hakikisha kama kweli inachemsha. Hizi Datsun mshale wa temperecha na mshale wa mafuta vinakula umeme kutoka regyuleta moja ndogo nyuma ya dashibodi, ikiharibika yote miwili inadanganya. Mimi nilihangaika wiki nzima na mshale uko juu kumbe hata tangi lilikuwa linaonyesha limejaa wakati nimeweka lita 5. Ukiona mishale yote miwili inapanda pamoja, anza na regyuleta. Na kile kipima joto cha infraredi cha kulenga kama bastola siku hizi sio ghali, lenga kwenye nyumba ya thermostati (ile valvu inayofungulia maji injini ikipata moto) mbele ya hedi gari ikiwa ya moto, ukiona 80 hadi 90 na mshale uko nyekundu basi mgonjwa ni mshale au sensa yake. Usilenge chuma kinachong'aa, kinatoa namba za uongo, piga rangi nyeusi ya mafuta kidogo au bandika selotepu nyeusi ndo ulenge hapo.

Haya, tuanze na rahisi, gari ikiwa BARIDI kabisa. Mfuniko wa rejeta. Watu wanauona kama kizibo cha chupa lakini ndo unaoweka presha. Wa hizi gari ni wa 0.9, yani kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba, na presha hiyo inafanya maji ya Dar yasichemke mpaka karibu nyuzi 118 badala ya 100. Ukipanda Iringa, mita 1,500 na kitu juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye 95 hivi, sa na mfuniko uliokufa raba unategemea nini? Angalia raba ya chini, ikiwa imepasuka au imekakamaa kama ganda la muwa tupa. Na angalia kale kavalvu kadogo ka katikati, kavute kwa ukucha, kanatakiwa karudi chenyewe. Kakiwa kamekwama, gari ikipoa rejeta inashindwa kuvuta maji kutoka kwenye kopo la akiba na mpira wa juu unanywea kama kuna mtu anaunyonya. Usiweke mfuniko wa presha kubwa zaidi ukidhani unatibu, rejeta ya miaka 40 utaipasua kwenye lehemu.

Feni. Mkanda uwe haulegei, ukiubonyeza katikati kwa dole gumba unashuka kama sentimita moja hivi. Feni yako kama ina klachi, zima gari ikiwa ya moto uizungushe kwa mkono (imezimwa nasema, tusikatane vidole), ikizunguka yenyewe mizunguko mitano kama pangaboi klachi imekufa, inatakiwa ishike. Alafu lile kava la plastiki linalozunguka feni, karibu kila Datsun iliyopita kwa mafundi wetu halipo, wamelitoa siku walipobadilisha mkanda wakaona linasumbua na hawakulirudisha. Bila lile kava feni inavuta upepo wa pembeni, inazungusha hewa ileile ya moto ndani ya boneti. Mimi nilitengenezewa la bati, na mapanga ya feni yakae nusu ndani ya kava nusu nje. Shida yangu ya foleni ya Ubungo iliishia hapo, bati na riveti!

Walioweka feni ya umeme, fanya hivi, washa feni alafu shikilia karatasi mbele ya rejeta kwenye grili. Karatasi inatakiwa ing'ang'anie rejeta. Ikipeperuka kuja kwako feni inasukuma upepo mbele, nyaya zimefungwa kinyume, na ukiwa mwendoni inapigana na upepo wa barabarani. Utacheka ila nimeshakutana nazo mbili.

Sasa thermostati, na hapa nitaongea kwa uchungu kidogo. Kuna fundi mmoja, jina naliacha, nilimpelekea gari inachemsha foleni, akafungua nyumba ya thermostati akaitoa akaitupa, akaniambia "huku kwetu joto hii haitakiwi, ni ya Wazungu wa baridi." Na kweli, ikapoa! Dar mpaka Morogoro mshale hata haunyanyuki, nikamsifu. Nikapita Mikumi nikapita Ruaha Mbuyuni naimba. Kuanza kupanda Kitonga, niko nyuma ya lori la saruji gia ya pili, kona ya tatu sijui ya nne mshale ukaanza kutembea, na mimi najiambia utashuka tu, hata sikumaliza kusema mpira wa juu ukafyatuka mvuke ukajaa kioo chote nikawa sioni lori. Utingo wa lori la nyuma ndo alikuja na kigogo akaziba tairi, nikakimbilia mfuniko, akanipiga mkono akaniambia "kaka acha, utabaki na sura ya mshikaki." Tulikaa hapo dakika arobaini. Kumbe rejeta ilikuwa imeziba zaidi ya nusu, na kutoa thermostati kulificha tu ugonjwa kwenye tambarare mpaka mlima ukaufichua.

Kwahiyo usitoe. Thermostati inaweka injini kwenye joto lake na pia ule mbano wake unafanya presha ndani ya bloku iwe juu kidogo kuliko ya kwenye rejeta, ndo inayozuia mapovu ya mvuke kuota karibu na vyumba vya moto. Ya kawaida ni ya nyuzi 82, na Nissan wenyewe walitoa ya nchi za joto ya 76.5, hiyo ndo yetu. Kuipima hata jikoni unaweza, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji (ya zamani, sio ya mama watoto) na kipima joto, angalia inaanza kufunguka ngapi, na ikifika 95 hivi iwe wazi kabisa. Ukiirudisha kale katundu kenye kipini kinachochezacheza kakae juu ndo hewa itokee hapo. Na boliti za ile nyumba tahadhari sana, ni chuma ndani ya aluminiamu, zimeoza pamoja miaka yote hiyo, ukivuta kwa nguvu zinakatika na utalia. Mwagia mafuta ya kulainisha usiku uliopita, pasha moto kidogo, kaza kidogo kabla ya kulegeza, nenda rudi nenda rudi.

Rejeta yenyewe. Kwanza nje, tochi upande mmoja jicho upande wa pili, mapezi yakiwa yamejaa matope na panzi osha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kuja mbele, sio ile mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi yote. Alafu ndani. Gari ikiwa ya moto na IMEZIMWA lenga kile kipima joto sehemu mbalimbali za rejeta, joto linatakiwa lishuke taratibu kutoka maji yanapoingia kwenda yanapotokea. Ukikuta kipande cha ubaridi katikati ya joto hapo tyubu zimeziba. Rejeta za hizi gari ni za shaba, na hiyo ni bahati, kwasababu fundi rejeta anayejua kazi anafumua tenki la juu kwa moto, anapitisha ubapa wa chuma kwenye kila tyubu, anarudisha kwa lehemu. Yangu ilitoka tope la rangi ya chai na mchanga, kwenye ndoo ungedhani nimezoa mtaroni. Ile rejeta mpya ya bei rahisi ya aluminiamu niliyonunua mwanzo ilikuwa na tyubu nyembamba na imekaa vibaya, leo niko na ya zamani ya shaba na haina shida.

Na usiishie kwenye rejeta maana uchafu unatoka kwenye bloku. Kuna plagi ya kutolea maji ubavuni mwa bloku, wengi hawajawahi kuifungua. Ifungue. Isipotoa kitu ujue tope limekaa nyuma yake, chokonoa na waya mpaka maji yatoke. Yote haya yanaletwa na maji ya kisima, Dar visima vingi vina chumvi, chumvi inakula hedi ya aluminiamu na kuacha magamba ambayo hayapitishi joto. Weka maji ya betri (yale safi, sio asidi) au ya mvua yaliyochujwa, na kulanti kama theluthi moja mpaka nusu. Sisi barafu hatuna, kulanti kwetu kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kidogo nyuzi za kuchemka, ukiijaza tupu bila maji unaharibu kwasababu maji ndo yanayobeba joto vizuri.

Mpira wa chini. Huu unaua watu kimyakimya. Uko upande ambao pampu inavuta, ukizeeka au ukiwa umenunua ule laini usio na springi ndani, pampu ikivuta kwa nguvu unajikunja bapa, maji yanakatika. Injini ikiunguruma tu huoni kitu. Mwambie mtu apige resi mpaka 3,000 na kitu gari ikiwa ya moto, wewe umeinama unaangalia na tochi (tai na shuka na mikufu weka mbali na feni). Ukijibana, umempata.

Wota pampu, angalia katundu ka chini kama kanalia maji, shika feni uitikise kama bearing inacheza. Ukiitoa angalia mapanga yake, nyingine yameliwa na kutu mpaka yamebaki vijiti, na uangalie pia ukuta wa kava la mbele la injini pale mapanga yanapozunguka, ukiwa umeliwa kuwa na mashimo pampu mpya haitasaidia sana.

Kuna wale ambao wamefanya yote hayo na bado inapanda mlimani. Hapo acha upande wa maji, nenda upande wa moto, yani cheche na mafuta. Taimingi ikichelewa, mafuta yanaunguzwa kwa kuchelewa, joto linaenda kwenye ekzosti na hedi badala ya kusukuma pistoni, gari inakuwa nzito na inachemsha pamoja. Weka pointi za distribyuta kwanza, nafasi ya milimita 0.5, ndo ukae na taa ya taimingi uweke namba ya kitabu cha ufundi cha gari. Alafu nyonya kwa mdomo kale kampira ka vakyumu kanakoenda kwenye distribyuta, ukiweza kunyonya hewa bila kikomo diaframu imetoboka. Kwenye SSS toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio, zikiwa nyeupe kama chaki mafuta ni membamba, na ukikuta mbili za kabureta moja nyeupe na mbili za kahawia basi kabureta hazijalingana au kuna gasketi inavuta hewa. Pulizia maji ya sabuni kwenye maungio gari ikiwa inaunguruma, mlio ukibadilika hapo ndo pametoboka.

Na kama ni gasketi ya hedi? Pima kabla ya kushusha. Gari baridi, fungua mfuniko, jaza maji mpaka juu, washa. Mapovu madogo yanayokuja bila kukoma kama soda, hiyo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Oili rangi ya chai ya maziwa, au silinda mbili za jirani zote kompresheni imeshuka, nayo ni jibu.

Kushusha hedi ya L kuna mtego mmoja ambao lazima nikwambie hata kama atashusha fundi. Kabla hujatoa gia ya kemshafti, weka alama ya rangi kwenye cheni na gia, alafu chonga kabari ya mti ndefu uishindilie katikati ya cheni kwenda chini, ukaifunge na kamba usije ukaiangusha. Usipoweka kabari, tenshena inayokaza cheni inaruka kutoka sehemu yake na hapo itabidi utoe kava lote la mbele. Kabari yangu ni ya mninga, iko kwenye boksi la spana mpaka leo.

Hedi ikitoka weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake na fila (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), urefu, upana na pembe kwa pembe. Ikipita fila ya milimita 0.1 inahitaji kuskimiwa, yani kusawazishwa kwa mashine. Na mwambie wa mashine asile sana, kitabu kinaruhusu jumla ya 0.2 tu ukijumlisha na bloku, kwasababu kemshafti iko juu ya hedi, ukikata hedi inasogea chini, cheni inalegea na valvu zinachelewa. Ndo maana gia ya kemshafti ina matundu matatu yenye namba 1, 2, 3, ni ya kurekebisha ulegevu huo. Boliti zikaze kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu, kwa toki spana, sio kwa "nimezoea mkono".

Kujaza maji sasa. Pua ya gari iwe juu, kwenye mwinuko au jeki, hita ifungue mpaka mwisho, mimina taratibu huku unaminyaminya mpira wa juu. Washa bila mfuniko, ngoja thermostati ifunguke, maji yatashuka ghafla, ongeza, funga. Siku ya kwanza usiende mbali, zunguka mtaani nusu saa, rudi, zima, lala. Asubuhi ikiwa baridi fungua uangalie. Ikipungua kidogo mara ya kwanza ni hewa iliyobaki, ongeza. Ikipungua tena siku ya tatu na chini hakuna tone, rudi kwenye kile kipimo cha mapovu.